Kabla hujajaza gesi kwenye friji, angalia taima

Hapa Kigoma friji ikiacha kupooza, fundi hajakaa hata dakika tano ashasema gesi imeisha. Nimeisikia hii kauli Mwanga, nimeisikia Gungu, nimeisikia Ujiji kwa shangazi, na kila nikiisikia roho inaniuma kwasababu najua hela itakayotoka hapo na najua pia inawezekana kabisa friji haina shida yoyote ya gesi. Ya mama ilikuwa hivyo hivyo. Ilijazwa gesi, ikapona, ikaumwa tena, na kumbe kilichokuwa kimekufa ni taima, kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani kinachopanga muda wa kuyeyusha barafu, ambacho kipya chake hakikufika hata nusu ya hela tuliyotoa kwenye gesi.

Naongelea friji za nofrosti, yani zinazoyeyusha barafu zenyewe, zile za milango miwili, friza juu friji chini, ambazo huku kwetu nyingi zimeingia kwa mtumba na bado zinapiga kazi majumbani. Kama yako ni ya mlango mmoja, yenye kichumba cha barafu humo humo ndani na kile kitufe cha kubonyeza katikati ya swichi ya baridi, hiyo haina taima, barafu unaiyeyusha mwenyewe. Na zile mpya za inveta nazo hazina, kazi ya taima inafanywa na bodi na sensa, hayo ni mambo mengine siyagusi leo.

Kwetu friji sio ya soda tu. Mama ana sukari, anachoma insulini, na insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8, isipate joto na pia isigande. Kwahiyo siku nilipoingiza mkono rafu ya chini nikakuta maziwa ya vuguvugu, wakati juu kwenye friza migebuka imekauka migumu vilevile, sikuwaza maziwa wala samaki, niliwaza lile boksi la dawa. Tukalipeleka kwa jirani usiku ule ule.

Na hapo hapo ndio kuna dalili ninayotaka uishike: juu kunaganda, chini kunapata joto. Ukiona hivyo usikimbilie gesi. Friji za namna hii zina koili moja tu ya baridi, imefichwa nyuma ya lile bati au plastiki la ndani ya friza, na kuna feni inayovuta hewa kwenye hiyo koili inaipuliza, sehemu kubwa inabaki friza na sehemu nyingine inashuka chini kupitia kijitundu. Sasa kila ukifungua mlango unyevu unaingia (na sisi tuliopo kando ya ziwa unyevu tunao wa kutosha), ule unyevu unaenda kuganda kwenye koili. Usipoyeyushwa unakuwa jiwe la barafu, hewa haipiti tena, friza inaendelea kuganda kwasababu ipo pale pale jirani na koili lakini chini hakushuki kitu. Gesi ikiwa imepungua kweli, mara nyingi inakuwa tofauti, kote juu na chini kunalegea, na ukifungua lile bati unakuta koili imeshika barafu kipande tu pale gesi inapoingilia, kwingine kukavu.

Kazi ya taima ndio hiyo, kuhakikisha barafu haijengeki. Ndani yake kuna mota ndogo sana ya umeme, kuna gia za plastiki, kuna kama gurudumu lenye pengo, na kuna swichi. Mota inazungusha pole pole, na kila baada ya masaa 6, au 8, au 12 kutegemea na aina, lile pengo linafika, swichi inaruka tak, kompresa inazimwa na hita iliyo chini ya koili inawashwa. Kama dakika 20 mpaka 30 hivi barafu inayeyuka, maji yanashuka kwenye mpira mpaka kwenye sinia la nyuma juu ya kompresa, joto la kompresa linayakausha. Halafu swichi inaruka tena, baridi inarudi. Mwenye friji hata hajui kama kuna kitu kimetokea. Mimi kwakweli naiona ni akili kubwa sana hii, hamna kompyuta humo, ni gia tu na umeme kidogo, na inafanya hivyo usiku na mchana miaka na miaka.

Sasa nielezee kwanini gesi inadanganya watu, maana hapa ndio penye machungu. Fundi anakuja, anaichukua friji anaenda nayo kibandani kwake au anaifanyia kazi hapo hapo uani, imezimwa, milango wazi, siku nzima au inalala. Muda huo lile jiwe la barafu linayeyuka lenyewe bila mtu kuligusa. Anavuta hewa, anajaza gesi, anawasha, baridi hiyo inakuja mpaka chini, kila mtu anafurahi, hela inatoka. Nani atabisha? Baada ya wiki moja mbili barafu imeshajijenga upya, chini kunapata joto tena, fundi anaitwa, anasema gesi inavuja. Yani ugonjwa haukuguswa kabisa, ila dawa ilionekana imefanya kazi. Simsemi vibaya fundi wetu, ni kijana mwenye mikono mizuri na anachomelea vizuri kuliko wengi ninaowajua, naamini na yeye aliamini alichosema kwasababu aliiona friji inapona mbele ya macho yake.

Ila kuna jambo moja mafundi wote wanalijua na wateja hatuambiwi. Gesi ya friji haiishi kama mtungi wa jikoni. Mabomba yamechomelewa yamefungwa, gesi ile ile inazunguka, inaweza ikakaa miaka 20 humo. Kama imepungua basi kuna mahali panavuja, na patafutwe pazibwe kwanza ndio ijazwe. Fundi anayekuja na mtungi bila kukuonyesha panapovuja, muulize kwa heshima tu, "Fundi, inavujia wapi?" Halafu friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, hiyo inawaka moto, sio ya kufunguliwa ovyo jikoni kwenye jiko la mkaa. Soma kwanza kibandiko kilichopo nyuma au ndani pembeni, gesi yake imeandikwa pale.

Haya, jinsi ya kupima. La kwanza halihitaji kifaa chochote. Toa vitu, chomoa friji kwenye umeme, acha milango wazi mpaka kesho yake, weka matambara chini maana maji yatatoka. Ukiwasha na baridi ikarudi vizuri mpaka chini, halafu baada ya siku kadhaa ikaanza kufifia tena, gesi yako iko salama, tatizo liko kwenye kuyeyusha. Na nakuomba sana, barafu usiichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Ile koili ni aluminiamu laini, ukiitoboa hapo ndio umeitoa gesi kweli na hutaziba kirahisi.

La pili ni kuitafuta taima yenyewe. Ya mama ipo nyuma chini, karibu na kompresa, kwenye kikasha cha plastiki. Friji nyingine imejificha ndani kwenye lile boksi la swichi ya baridi na taa, nyingine mbele chini nyuma ya ile plastiki ya miguuni. Utaitambua kwa kitundu au kijiti chenye mfereji wa bisibisi bapa na waya nne zinazoingia kwenye soketi moja. Chomoa friji kwanza, ingiza bisibisi, zungusha pole pole kufuata mshale, yani mwelekeo wa saa, usirudishe nyuma kamwe utavunja gia. Mwanzoni utasikia vimlio vidogo vidogo, halafu utafika mahali inaruka tak ya kueleweka. Simama hapo hapo. Chomeka umeme. Kompresa inatakiwa ikae kimya, na baada ya muda kidogo utasikia kwenye friza kama maji yanadondokea kitu cha moto, tsss tsss, halafu maji yanaanza kuingia kwenye sinia la nyuma.

Kwetu ilikuwa hivyo. Maji yalitoka mengi mpaka sinia likajaa, nikamwita mama aje aone. Kwa kile kitendo kimoja nilishajua hita nzima, fyuzi nzima, waya ziko sawa. Nikaiacha, maana taima isiyo na ugonjwa inajirudisha yenyewe kwenye baridi. Nusu saa ikapita, saa nzima, kimya. Sinia limetulia, hita imeshakatwa na bimetali yake (kisahani kinachokata hita joto likitosha), lakini kompresa hairudi. Nikairudisha kwa bisibisi, kompresa ikanguruma, nikachukua biro nikapiga mstari kwenye kile kijiti na mstari mwingine kwenye plastiki ya pembeni, viangaliane. Jioni narudi, kompresa imefanya kazi mchana kutwa, ile mistari iko pale pale inaangaliana. Taima haitembei.

Hilo la biro ndio ninalowaambia watu wote, ni bure na halidanganyi. Kitu kimoja tu cha kuangalia, kuna friji ambazo taima inatembea pale tu kompresa inapofanya kazi, kwahiyo hesabu masaa ya kompresa kunguruma, usihesabu masaa ya ukutani.

Nikaitoa. Piga picha waya kwanza kabla hujachomoa soketi, na friji iwe nje ya umeme kabisa. Nikaifungulia mezani, mama kashika tochi ya simu. Kifuniko kinabanwa na vijino, unavilegeza kimoja kimoja. Mota nilienda kuipima kwa kijana wa redio hapo mtaani, mita ikaonyesha kilo-omu kadhaa, yani waya wa ndani ya mota haujakatika, mota iko hai. Ingekaa kimya kabisa bila kusoma chochote, hapo taima hainunuliwi dawa, unabadilisha. Shida yetu ilikuwa kwenye gia. Grisi imekauka imekuwa ngumu kama nta, maana kidude kimekaa jirani na joto la kompresa miaka yote, ndani kuna sisimizi wamekufa, na gia moja ndogo kuliko zote meno yake mawili yamelika, inafika pale inateleza.

Kwa mtu ambaye ya kwake ni uchafu tu na grisi, aisee unaokoa. Futa kwa pamba na spiriti, weka grisi nyepesi kidogo sana, na kama visahani vya swichi vimeungua vimekuwa vyeusi, pitisha msasa laini kabisa mpaka ving'ae, rudisha kifuniko, itatembea. Wengine wamepata miaka kwa usafi huo tu. Lakini jino la gia likishaondoka hamna gundi wala kuyeyusha plastiki, hata likishika leo ile mota inasukuma masaa yote, litang'oka, na safari hii taima inaweza ikasimama kwenye hita. Mimi kwenye hilo siwezi kumshauri mtu kubahatisha. Nunua nyingine.

Kununua sasa. Maduka ya Mwanga niliyopita yana vipuri vya redio, simu, pasi, feni, vya friji ni vichache. Moja walikuwa na taima, ila miguu yake, vile vichuma vinavyoingia kwenye soketi, imepangwa tofauti na ya kwetu. Taima sio ya kuangalia umbo tu. Soma kilichoandikwa: volti iwe 220 mpaka 240, hezi 50, masaa yafanane au yakaribiane na ya zamani, na namba za miguu, huwa ni 1, 2, 3, 4. Zile nilizozishika, mota inakaa kati ya 1 na 3, na 3 ndio inayogawa umeme kwenda kwa kompresa au kwa hita. Shida inakuja kwenye 2 na 4. Kuna taima 4 ni kompresa na 2 ni hita, kuna nyingine kinyume chake, na ukikosea umeme unaenda kwa hita masaa 8, kompresa inapata dakika 20 tu. Kwahiyo angalia mchoro uliobandikwa nyuma ya friji, au tumia mita: zungusha taima, kwa muda mrefu 3 inashikana na ipi, hiyo ndio ya kompresa, ile inayoshikana kwa muda mfupi tu ndio ya hita.

Na hilo la hezi msilipuuze. Mota hizi zinatembea kwa kufuata mapigo ya umeme. Tanzania umeme wetu ni hezi 50, ukifunga taima iliyotengenezewa hezi 60, kama volti zinakubali itatembea, ila polepole, ya masaa 8 itakuwa masaa 9 na dakika 36, na ya kuyeyusha dakika 20 itakuwa 24. Haiui friji, lakini kama unakaa sehemu ya unyevu na mlango unafunguliwa sana na watoto, barafu inapata muda zaidi wa kujengeka. Mimi nilisisitiza ya 50. Nikaipiga picha ya zamani pande zote, na namba, nikamtumia mwenye duka Kariakoo, akaituma mpya kwa basi.

Ule muda wa kusubiri basi, sisi tukawa taima. Asubuhi mama akishamaliza uji anachomoa, anazungusha bisibisi mpaka tak, anachomeka, anakaa na kiti chake pale nyuma anachambua mboga anasikiliza maji. Yakiacha kudondoka anachomoa tena, anazungusha mpaka tak ya pili, anachomeka, kompresa inaamka. Jioni narudia mimi. Nilimwonyesha mara moja tu akashika. Siku moja amepita fundi wetu kusalimia, "Shikamoo mama, friji inaendeleaje?" mama akamwitikia marahaba mwanangu, halafu akamshika mkono akampeleka nyuma ya friji akamwonyesha mstari wa biro. Yule kijana alichuchumaa pale muda mrefu, akauliza maswali, akaomba aje siku ya kufunga. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Akaja kweli. Kufunga kwenyewe hamna la kusimulia, skurubu mbili na soketi. Tukapiga mstari wa biro kwenye mpya, baada ya masaa mawili imeshaachana, tukacheka wote. Rafu ya chini niliweka kipimajoto kwenye glasi ya maji, kesho yake asubuhi kinasoma nyuzi 5. Dawa ikarudi nyumbani.

Tukaongeza na frijigadi, ile ya kuchomeka ukutani, inayokata umeme ukipanda au kushuka sana na inayochelewesha dakika chache umeme ukirudi. Kigoma tumeishi miaka mingi na umeme wa majenereta kabla gridi ya taifa haijafika, tunajua taa kupumua na umeme kukatika mara tatu kwa mchana mmoja. Mota ya taima waya wake ni mwembamba kuliko unywele, ikipigwa na volti za juu ndio inayotangulia.

Kuna wale watakaozungusha taima mpaka tak, kompresa ikazima, lakini wasisikie maji wala joto. Hapo taima msiiguse, tafuteni mbele yake: hita yenyewe, fyuzi ya joto, au bimetali, ambayo ni kile kisahani kilichobanwa juu ya koili kinachokata hita joto likitosha. Na bimetali ina siri yake. Inafunga, yani inapitisha umeme, ikiwa kwenye baridi kali tu, ukiipima kwa mita mezani hapa na joto letu lazima itaonyesha imekatika, hata kama ni mpya kutoka dukani. Nimeona nzima zinatupwa kwasababu hiyo. Ilaze kwenye friza ya mtu mpaka ishike baridi, ipime haraka kabla haijapata joto, hapo ndio utajua ukweli wake.

Ya shangazi Ujiji ndio imeangukia hapo. Nilienda nikapiga mstari wa biro, taima yake inatembea vizuri tu, hita inasoma kwenye mita, fyuzi inasoma, ila bimetali imelala kwenye barafu usiku kucha na bado haifungi. Nimeshaiagiza. Fundi wa gesi alikuwa aje Jumamosi na mtungi wake, shangazi amempigia simu amemwambia asije.